Mchele Uliogomewa

Nilipiga magoti. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolificha kwa majuma mawili mazima, na kulificha huko kulikaribia kuniharibia harusi ya binti yangu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya masomo ya ziada. Shuleni lilikuwapo darasa la saba peke yake, watoto themanini na kitu, pamoja na mwalimu mkuu na walimu wao wanne. Mimi nafundisha hisabati. Kiongozi mmoja wa serikali, ambaye cheo chake sitakitaja, aliingia na gari mpaka uwanjani bila taarifa, akataka watoto wapange mistari. Mkononi alikuwa na karatasi ya matokeo ya mtihani wa majaribio. Aliisoma kwa sauti, somo baada ya somo, na kila somo akauliza mwalimu wake ni nani. Lilipofika langu nilinyoosha kidole kama mtoto. Kisha akatuita mbele sote wanne, akatuamuru tupige magoti na kuwaomba wanafunzi msamaha.

Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Mwalimu wa sayansi, mtu mzima mwenye wajukuu, ndiye aliyetangulia kushuka, nasi tukafuata. Mimi niliye maarufu mtaa mzima wa Nguvumali kwa ulimi wangu, mimi ambaye wauza samaki wakiniona kwa mbali huficha mizani, sikusema neno. Nilipiga magoti kwenye changarawe, nikainamisha kichwa, nikatamka alichotaka nikitamke. Magoti haya yananiuma hata kwenye mswala, nikitaka kuinuka mpaka nishike ukuta, lakini siku ile yalikunjika upesi ajabu. Gari lilipoondoka nilijipangusa vumbi, nikaingia darasani, nikafundisha asilimia.

Hasira niliyo nayo mpaka leo si juu yake yeye peke yake. Ni juu ya wepesi wa magoti yangu.

Chama chetu cha wafanyakazi kilikutana juma lile lile katika ukumbi mmoja wa Chumbageni. Mimi ndiye mwakilishi wa shule yetu. Habari ilikuwa imekwisha kuwafikia viongozi wa chama, na ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wanachungulia madirishani. Wakaamua mgomo baridi: walimu wote wa mjini tufike kazini, tusaini daftari la mahudhurio, tukae ofisini, tusiingie darasani mpaka yule bwana aombe radhi. Nilipiga makofi kama wengine. Lakini ilipofika zamu ya kuandika tamko la kupeleka redioni, mwalimu wa sayansi alisimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaomba tendo lenyewe lisitajwe.

"Nina wakwe hapa mjini," alisema.

Hakuna aliyemcheka. Sisi wengine watatu tulitikisa vichwa kumuunga mkono, na mimi nilitikisa kuliko wote. Binti yangu alikuwa anaolewa baada ya majuma mawili na familia moja ya mtaa wa Raskazone, watu wazito, wenye kupima maneno. Nikajiwazia wanavyoambiana: mama mkwe wa kijana wetu ndiye yule aliyepigishwa magoti. Basi tamko likasema "vitendo vya kudhalilisha taaluma ya ualimu", na ili lisionekane tupu, wakaongeza mambo ya siku zote: kupandishwa madaraja, likizo, upungufu wa vyumba. Kwetu pwani aibu hufunikwa. Tuliifunika barabara, na tulipomaliza kuifunika, watu hawakuona kingine ila madaraja.

Mgomo ule ulidumu majuma matatu, ukaisha kwa kikao na barua iliyokuwa na neno "masikitiko" na isiyokuwa na neno "samahani". Ninachotaka kusimulia kilitokea kabla haujaisha.

Mji mzima ukawa unatusema. Redio ya hapa mjini ilifungua simu asubuhi na jioni. Mvuvi mmoja alipiga akasema bahari ikichafuka yeye hukaa nyumbani na njaa yake, hakuna chama cha kumlilia, basi walimu wamezidi kudeka. Mama mmoja alilia hewani. Mzee mmoja alisema mwalimu ni mzazi wa pili na mzazi hagomi. Wengine walitutetea, sisemi uongo, lakini walitutetea kwa yale madaraja, na utetezi huo uliniuma kuliko matusi. Na lile neno la "wito" ndilo lililonimaliza. Ualimu ni wito, ualimu ni wito! Mwenye kuitwa ni mimi, mwenye kuita kila siku simwoni. Nilikuwa nikiizima redio, baada ya dakika tano naiwasha tena.

Wenye baraza la kahawa pale kona walinyamaza kila nilipopita. Kwenye kundi la simu la mtaa wetu mtu aliandika, "Tunao wagomaji humu humu," na akaweka alama ya kucheka. Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika jingine.

Lakini hao wote si kitu. Aliyenitia hofu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuza vitumbua. Tumekaa mlango wa pili miaka kumi na tisa. Baba watoto wangu alipofariki, yeye ndiye aliyepika uji wa wafiwa kwa siku tatu, mimi sijui hata sufuria alizitoa wapi. Binti yake wa mwisho ni mwanafunzi wangu wa darasa la saba, mtoto mkimya, mkali wa hesabu, na mama yake hakusoma. Mama huyo alikuwa ameushikilia mtihani wa kumaliza darasa la saba kama mtu anavyoshikilia kamba ya kisima.

Siku ya tatu ya mgomo alinisimamisha uchochoroni asubuhi, mwiko mkononi.

"Mwalimu, jana mwanangu kafundishwa nini?"

"Hakufundishwa."

"Na juzi?"

"Hakufundishwa, jirani. Unajua hali ilivyo."

"Na wewe kazini ulikwenda?"

"Nilikwenda. Nilisaini."

"Ulisaini," alisema, akarudi kwenye vitumbua vyake. Kuanzia siku ile nikienda kununua, aliniambia vimekwisha, na sinia limejaa mbele yetu sote wawili. Nilisema ahsante nikaondoka. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia ambalo lingemaliza yote, na lilikuwa ndilo nisiloweza kulitoa.

Jambo moja nililishangaa lakini sikulitafakari. Watoto themanini waliona, na hakuna hata mzazi mmoja aliyelitaja. Kila asubuhi niliamka nikisema leo ndiyo leo, litakuwa limezagaa. Halikuzagaa. Nikajiambia watoto husahau upesi. Mtu hujiambia mengi.

Huku nyuma shughuli inakaribia. Shughuli nzima ilikuwa mikononi mwa dada yangu mkubwa, na huyo peke yake ndiye niliyemweleza kisa cha magoti. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake waje kuchagua mchele Jumanne alasiri, siku tatu kabla ya ndoa. Asiyekulia kwetu huenda akadhani kuchagua mchele ni kutoa mawe. Siku ile ndipo mtu anapojua kama ana watu au hana. Unaweza kuwa na pilau ya kulisha nusu ya Tanga, kama majirani hawakukaa kwenye mikeka yako na nyungo mapajani, harusi yako imesusiwa, na habari hiyo inafika kwa wakwe kabla yako.

Dada alirudi miguu imemvimba.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema inshallah."

"Inshallah ya namna gani?"

Alivua viatu kwanza. "Ile fupi," akasema.

Jumanne nilitoka shuleni saa nane. Nilikuwa nimekaa ofisini tangu asubuhi na wenzangu, tunasikia darasa la saba upande wa pili wa ukuta, si kelele, ni ule mngurumo wa watoto wasio na kazi. Nyumbani nikakuta mikeka imetandikwa uani, magunia mawili ya mchele wa Mombo yamefunguliwa, nyungo zimerundikwa. Binti yangu alikuwa chumbani na somo wake, kungwi wa kumfunda, anasingwa liwa, dirisha wazi. Na juu ya kiti, peke yake, amekaa shangazi wa bwana harusi. Alikuwa ametumwa kutoka Raskazone kuja "kusaidia", kwa maana ya kuja kuona.

Alasiri ikaadhiniwa. Watu wakasali. Uani hakuna mtu. Nikafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Kisha lango likagongwa, wakaingia. Nawaambia moyo wangu ulifunguka. Waliingia kwa mafungu, watatu, wanne, wakivua viatu, hodi, salama, hongera ya shughuli. Nilihesabu kwa sababu siwezi kuacha kuhesabu: ishirini na wawili. Wa mwisho alikuwa jirani yangu wa vitumbua. Akamwamkia dada yangu shikamoo, akampa mkono shangazi wa Raskazone, mimi akanipa "salama" ya mbali, akakaa katikati ya mkeka. Dada akapita na kopo akimiminia kila mmoja mchele kwenye ungo wake. Mimi nikaenda kuleta chai.

Niliporudi na birika, nilikuta jambo si la kawaida. Wanawake ishirini na wawili wamekaa, nyungo mapajani, mchele umejaa, na mikono yao imetulia juu ya ukingo wa ungo. Hakuna aliyechagua hata punje. Walipokea chai, wakanywa. Wakaulizana habari za watoto. Vikombe vikarudi. Mikono ikarudi ukingoni.

"Chagueni basi, mama zangu," dada alisema, akijaribu kucheka. "Jua linakwenda."

Jirani yangu aliinua uso. "Dada, sisi kuja tumekuja. Kama kuna daftari, lileteni tusaini."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mimi nilisimama na birika lile mkononi na uso unaniwaka mpaka masikioni. Nilitaka kuwaambia waondoke. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Dada alinishika mkono nyuma ya kiwiko, akanifinya kwa kucha, kama alivyokuwa akinifinya utotoni msikitini.

"Hii ni harusi ya mtoto," nikasema. "Mtoto hana kosa."

"Hata wangu hana," alisema jirani. "Mkuki kwa nguruwe, mwalimu."

Hapo mdomo wa kila mtu ukafunguka. Mmoja alisema mwanawe amekuwa akizurura sokoni siku tisa sasa. Mwingine akasema walimu nao ni watu, wacheni wadai chao. Wa tatu akamjibu, wadai, lakini wasidai kwa shingo ya mwanangu. Mmoja akauliza kwa nini wasigome wakati wa likizo, wakamcheka, na kwa muda kidogo pakawa na uchangamfu kama wa shughuli yoyote. Lakini mikono haikugusa mchele. Nikatazama kitini. Shangazi wa bwana harusi alikuwa ameweka kikombe chini, anasikiliza kama hakimu.

"Madaraja, madaraja," jirani alisema. "Mtoto wangu ana mtihani mmoja tu duniani, nanyi mmeketi kwa ajili ya madaraja."

"Si madaraja!" nikapiga kelele.

Binti yangu akachungulia dirishani.

"Basi ni nini?" akauliza jirani. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na hilo ndilo lililonivunja nguvu, kwa sababu majuma mawili yote hakuna aliyeniuliza hivyo.

Nikamtazama dada. "Mficha uchi hazai," alisema polepole. "Waambie, mdogo wangu."

Niliweka birika chini. Nikaeleza nikiwa nimesimama, kavu kavu, kama ninavyoeleza hesabu ubaoni: siku gani, saa ngapi, nani alisimama wapi, amri ilikuwaje, nani alitangulia kupiga magoti. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilimtazama jirani peke yake, sikuthubutu kugeuza macho kwenye kile kiti.

"Na wewe ukapiga?" Sauti ilitoka kitini.

"Nikapiga, mama."

Shangazi akakiinua tena kikombe chake. Mpaka leo sijui alichokuwa akifikiri, ingawa ndoa ilifungwa na sasa nina mjukuu kwao.

Jirani yangu alikuwa amekunja uso. "Mbele ya nani?"

"Mbele ya darasa la saba. Wote."

"Na wangu?"

"Alikuwepo. Mstari wa kwanza."

"Muongo," alisema. "Mwanangu hanifichi kitu. Angenambia."

Akaweka ungo wake pembeni, akasimama, akavaa viatu, akatoka bila kuaga. Lango likagonga nyuma yake. Wale wengine wakaangaliana. Kama yeye ameondoka, wao wangekaa kwa lipi? Mmoja alianza kukusanya buibui yake. Nami nikajua hivi ndivyo inavyokwisha: nimetoa siri, nimejivua nguo mbele ya wakwe, na watu bado nimewakosa. Nilikaa kwenye ngazi ya jiko.

Hatukukaa sana. Lango likafunguka tena, jirani akaingia akimvuta binti yake kwa mkono. Mtoto alikuwa bado na mtandio wa chuo cha Kurani, kitabu chake kwapani. Alipotuona wote tumemkodolea macho aliganda. "Shikamoo mwalimu," akasema, kwa kunong'ona.

"Mwambie mwalimu wako akusikie," mama yake alisema. "Kweli mlimwona anapigishwa magoti?"

Mtoto alinitazama mimi. Alikuwa akiniomba ruhusa, na lile la kuombwa ruhusa na mtoto wa miaka kumi na tatu, ruhusa ya kuisema aibu yangu, liliniuma kuliko changarawe. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kweli, mama."

"Siku zote hizi! Nakaa namtukana mwalimu wako, nawe unanisikiliza. Mbona hukunambia?"

"Tuliahidiana tusiseme."

"Nani na nani?"

"Sote. Darasa zima. Siku ile ile, mwalimu alipotoka. Tulisema walimu wenyewe hawajasema, basi na sisi tusiseme."

Mama yake alimshika mabega, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa. "Haya, sasa nambie mie mama yako. Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Umesema ulikuwepo!"

"Nilikuwepo, mama. Lakini walipoanza kushuka tulifumba macho. Aliyeanza kufumba simjui. Tulifumba wote, mpaka tukasikia gari linaondoka."

Watoto themanini. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa na nilidhani wananitazama, na kwa majuma mawili nimekuwa nikiyaogopa macho yao. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mtaa mzima na mbele ya Raskazone, bila kujificha uso. Hakuna aliyenibembeleza, na nawashukuru kwa hilo.

Mtoto alisubiri nitulie. Kisha akauliza, kwa adabu, kama anayeuliza swali darasani, "Mwalimu, kesho utaingia?"

Nilimtazama. Nilikuwa mwakilishi wa shule, daftari langu la saini lilikuwa mezani ofisini, na wenzangu wa mji mzima walikuwa wameketi kwa ajili yangu. Nilitafuta jibu lililo bora kuliko lile nililokuwa nalo, sikulipata.

"Bado, mwanangu," nikasema.

Nilitegemea mama yake anilipukie. Hakunitazama hata. Alirudi kwenye nafasi yake katikati ya mkeka, akauvuta ungo mapajani, akautikisa mara moja, mchele ukajisambaza.

"Ataingia akiombwa radhi mbele yenu," alimwambia binti yake. "Mkiwa mmefumbua macho. Njoo ukae, chagua mchele."